Sifa Inayomfikia Mtu

"Kazi nzuri." "Uko vizuri." "Tunakuthamini sana." Maneno haya hayana ubaya, ila ndani yake hamna kitu. Anayeambiwa hajui ni kazi ipi iliyokuwa nzuri, nzuri kwa nini, wala kama msemaji aliitazama kweli au anamgawia kila anayepita mbele yake. Ndiyo maana wengi hujibu "ahsante" bila kuinua kichwa, na baada ya dakika tano wameshasahau. Kisha msemaji analalamika kwamba watu wa siku hizi hata ukiwasifu hawasikii.

Wanasikia sana, tatizo ni kwamba hawakupewa habari. Sifa inayomfikia mtu ni taarifa: humwambia jambo kuhusu kazi yake au mwenendo wake ambalo hakulijua, au alilijua lakini hakuwa na hakika kama yupo mwingine aliyeliona. Kwa hiyo sehemu kubwa ya shughuli hii hufanyika kabla mdomo haujafunguka, nayo ni kutazama.

Kutazama kwenyewe si kwepesi, kwa sababu jicho la binadamu hukimbilia penye kasoro. Zipo kazi ambazo zikifanywa sawasawa hazionekani kabisa: usafi, utunzaji wa stoo, matengenezo ya mitambo, kupanga ratiba, kumuuguza mtu wa muda mrefu nyumbani, au kuwa yule ndugu anayezima ugomvi kabla haujawa ugomvi. Watu wa kazi hizi husikia majina yao yakitajwa siku waliyokosea tu. Anayetaka kuanza mahali na aanzie kwao, na swali la kujiuliza ni hili: wiki hii ni jambo gani halikuharibika, na nani alilizuia lisiharibike?

Daftari dogo linasaidia kuliko nia njema. Mwisho wa siku andika mistari miwili au mitatu, kila mmoja ukiwa na jina, tendo na matokeo. Mfano: "Fulani, alirudia kuhesabu maboksi ingawa karatasi ilionyesha yametimia, tukagundua upungufu kabla gari halijaondoka." Siku za mwanzo utashika kalamu ukose cha kuandika, halafu taratibu jicho litaanza kukusanya lenyewe mchana kutwa. Kanuni ya kuandika ni kwamba usiandike tabia, andika kile ambacho kamera ingekinasa. Uaminifu haupigiki picha, lakini mtu anayerudi kaunta na chenji iliyozidi anapigika. "Mchapakazi" ni hukumu yako. "Alibaki hadi mashine ya pili ikawaka" ni tukio, na tukio halibishiwi.

Daftari hilo lina faida nyingine ambayo haipendezi sana. Baada ya mwezi mmoja hesabu majina yaliyomo. Kwa kawaida utakuta matatu au manne yanajirudia, nayo ni ya wasemaji, wachangamfu, na wanaokaa karibu na meza yako. Wale kimya wa pembeni hawamo, na si kwa sababu hawafanyi kitu. Inabidi uinuke uende waliko, wakati kazi inaendelea, ukae hata robo saa bila kuuliza maswali ya ukaguzi.

Sentensi yenyewe haihitaji ufasaha. Ina sehemu tatu na yote kwa pamoja haizidi nusu dakika: tendo, likitajwa pamoja na wakati wake, tendo hilo lilileta au lilizuia nini, na kwa nani, kisha, kama ipo, gharama aliyoilipa mtendaji ambayo angeweza kuikwepa. Baada ya hapo unanyamaza.

Tazama ofisi ya hesabu. Msimamizi anaweza kumwambia karani, "Wewe ni mtu makini sana." Au anaweza kusema: "Jana jioni, kabla sijasaini yale malipo, ulinionyesha kwamba stakabadhi mbili zina namba moja. Ningesaini, tungeingia kwenye wiki nzima ya kujieleza kwa wakaguzi. Na najua si rahisi kunisimamisha nikiwa na haraka." Kwa maneno hayo ya pili karani ameondoka na mambo matatu. Amejua kwamba kulinganisha namba za stakabadhi ni kazi yenye maana na si ushamba. Amejua kwamba bosi aliona. Na kubwa zaidi, amejua kwamba kumsimamisha bosi mwenye haraka kunaruhusiwa hapa. Safari nyingine atamsimamisha tena bila kutetemeka. "Makini sana" isingemfundisha lolote kati ya hayo. Pengine ingemwogofya tu, maana mtu makini hatakiwi kukosea.

Kunyamaza mwishoni ndiko kunakowashinda wengi. Mtu akishasifu huona ukimya mzito, basi anaujaza, na hapo ndipo sifa inapoharibika. Kijazio kibaya kuliko vyote ni "lakini". "Ripoti yako imepangika vizuri, lakini..." Msikilizaji hufuta kila kilichotangulia na kusubiri kinachofuata. Kuna mtindo unaofundishwa sana kwa mameneja, wa kuweka lawama katikati ya sifa mbili ili isichome. Mara ya kwanza unafaa kidogo. Kufikia mara ya tatu watu wameshaujua, na kila wakisikia sifa ya kwanza wanakaza misuli. Umewafundisha kuogopa neno zuri, na hata lawama yenyewe imewafikia nusu. Sifa iende peke yake, na marekebisho yaende peke yake.

Kijazio cha pili ni ombi. "Wewe ndiye ninayekutegemea hapa... hebu nisaidie Jumamosi." Sifa imegeuka kuwa malipo ya awali, na anayelipwa anajua. Kama una ombi, lipeleke kama ombi. Kama una sifa, iache ilale angalau siku moja bila kudaiwa kitu. Cha tatu ni kulinganisha: "Wewe si kama wale wenzako." Anayesikia hivyo huanza kuhesabu siku atakayokuwa mmoja wa wale. Na lipo "kumbe", neno dogo linalofichua kwamba hukutarajia: "Kumbe unajua kujieleza vizuri!" Msemaji anaona amesifu, msikilizaji anarudi nyumbani akijiuliza alikuwa anadharauliwa tangu lini.

Kuhusu muda, siku hiyohiyo au kesho yake ndio bora, kwa sababu mtu bado anakumbuka alichokuwa akikifikiria alipotenda. Lakini sifa iliyochelewa haifi maadamu maelezo yake hayajafutika. Kumwambia mtu kwamba mwaka juzi alisema sentensi fulani kwenye kikao, na sentensi hiyo ikakufanya ubadili uamuzi fulani, kuna nguvu ambayo pongezi ya papo hapo haina: inaonyesha kwamba uliibeba muda wote huo.

Kwa nini basi watu wenye macho mazuri bado hunyamaza? Kisingizio kinachosikika sana ni kwamba chema chajiuza, mtu anajua mwenyewe kama amefanya vizuri. Hajui. Anayefanya kazi yuko ndani ya kazi. Anaona kasoro zake zote ambazo wewe huzioni, na haoni manufaa yanayotokea akishaikabidhi. Sababu ya kweli mara nyingi ni aibu. Amit Kumar na Nicholas Epley, katika utafiti wao wa mwaka 2018, waliwaomba watu waandike barua za shukrani kwa waliowafaa, kisha wakalinganisha matarajio ya waandishi na hali halisi ya wapokeaji. Waandishi walidhani wapokeaji wangeona haya kuliko walivyoona, na walidhani wangefurahi kidogo kuliko walivyofurahi. Waandishi pia walihangaika na ustadi wa maneno, ilhali wapokeaji waliangalia zaidi ukunjufu wa moyo uliomo. Erica Boothby na Vanessa Bohns walipata jambo la jamaa moja na hilo kwenye pongezi fupi anazopewa mtu usiyemjua: msemaji hukadiria chini furaha ya msemwa. Kwa hiyo kama unasubiri upate maneno mazuri zaidi, unasubiri kitu ambacho mwenzako hakihitaji.

Kisingizio cha pili ni kizito zaidi, nacho ni methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wazazi huitumia, walimu huitumia, makocha huitumia. Nadhani wahenga walikuwa sahihi kuliko wale wanaoitaja ili wafunge mdomo. Mgema wa methali alisifiwa yeye. Akapata jina, na mwenye jina anaweza kuishi kwa jina hata kama kibuyu kimechujuka. Methali haisemi lolote kuhusu mgema aliyeambiwa kwamba tembo la leo ni zuri kwa sababu alilichuja vizuri na akalileta mapema.

Tofauti hiyo ilipimwa. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walichapisha tafiti sita walizofanya kwa watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo ya maumbo, wakayafumbua, kisha wengine wakasifiwa kwa akili zao na wengine kwa bidii yao. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu mno wakashindwa. Waliosifiwa akili walipoteza hamu, na waliporudishiwa mafumbo ya kiwango cha mwanzo walifanya vibaya kuliko walivyofanya mara ya kwanza. Walipotakiwa kuwaandikia watoto wengine matokeo yao, waliodanganya kwa kuongeza alama walikuwa wengi zaidi miongoni mwao kuliko miongoni mwa waliosifiwa bidii. Tembo na maji kabisa. Waliosifiwa bidii waliendelea kutafuta kazi ngumu zaidi.

Hapa tahadhari inahitajika, maana matokeo hayo yameenezwa hadi yakageuka wimbo wa "bidii, bidii". Kumsifu kwa bidii mtoto aliyekesha akitumia njia isiyofaa ni kumpeleka arudie kosa kwa nguvu zaidi. Kinachosifiwa kiwe ni njia: "Ulipoona hesabu inakataa, uliichora kwanza." Wala bidii isiwe zawadi ya kufuta machozi kwa aliyeshindwa, watoto wanajua kwamba "umejitahidi" huambiwa wa mwisho.

Kosa jingine la wapole ni kutia chumvi. Eddie Brummelman na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 2014, waliwapa watoto picha ya maua ya Van Gogh waichore, kisha kila mtoto akapokea kijikaratasi kilichosemekana kimetoka kwa mchoraji mtaalamu. Kimoja kilisema mchoro ni mzuri. Kingine kilisema ni mzuri ajabu. Wengine hawakuambiwa kitu. Watoto wanaojiona duni, wakisifiwa kwa kutiwa chumvi, walichagua picha rahisi kwa zamu iliyofuata. Neno "ajabu" liliwawekea kipimo ambacho hawakutaka kukijaribu tena. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba watu wazima huwamwagia chumvi hasa watoto hao wanaojiona duni. Dawa inapelekwa kwa yule inayemdhuru. Kilemba cha ukoka kinamlemea zaidi mwenye shingo nyembamba.

Mtu mzima anayejiona duni naye ana namna yake. Ukimwambia ni mwerevu, anakataa, anacheka, au anakutajia mara mbili alizoharibu. Mwanasaikolojia William Swann ameandika mengi kuhusu jambo hili: binadamu hupenda kuthibitishiwa vile anavyojiona tayari, hata kama anavyojiona ni vibaya, kwa sababu dunia inayoeleweka inatuliza zaidi ya dunia inayobembeleza. Usibishane naye. Mabishano kuhusu thamani yake atayashinda, amekuwa akiyafanyia mazoezi maisha yake yote. Rudi kwenye tukio: "Sijui kuhusu hilo. Ninachojua ni kwamba mgeni yule alifika hapa analia na akatoka ameelewa fomu zote, na wewe ndiye uliyekaa naye." Hana pa kukatalia. Kwa mtu wa namna hii sifa iwe ndogo, kavu kidogo, na irudi baada ya siku kadhaa ikiwa na tukio jingine. Na usimtume asimame mbele ya kioo akijisifu: Joanne Wood na wenzake waligundua mwaka 2009 kwamba wanaojiona duni, wakirudia sentensi ya kujiambia kuwa wanapendeka, walibaki na hali mbaya kuliko wenzao wasioirudia.

Marekebisho nayo yanaweza kuwa sifa, pengine sifa kubwa kuliko zote, kama yakisindikizwa na imani. David Yeager, Geoffrey Cohen na wenzao walifanya jambo dogo katika shule moja ya Marekani. Walimu walisahihisha insha kama kawaida, kwa ukali wao wa kawaida, kisha juu ya insha pakabandikwa kijikaratasi. Kwa baadhi ya wanafunzi kilisema tu: ninakupa maoni haya ili upate mrejesho kuhusu insha yako. Kwa wengine kilisema: ninakupa maoni haya kwa sababu nina matarajio makubwa na ninajua unaweza kuyafikia. Miongoni mwa wanafunzi weusi, ambao walikuwa na sababu za kushuku nia ya mwalimu, walioamua kuirudia insha walipanda kutoka chini ya mmoja kati ya watano hadi zaidi ya wawili kati ya watatu. Wino mwekundu ulikuwa uleule. Tambua lakini kwamba kijikaratasi kile hakikupunguza masahihisho hata moja, na mwalimu anayekiandika kisha akaacha makosa yapite amejikana mwenyewe.

Lipo pia eneo ambalo wengi hawalihesabu kabisa: mwenzako anapokuletea habari njema. Shelly Gable na wenzake walitenga namna nne za kuipokea. Unaweza kuichangamkia na kuuliza, unaweza kusema "safi sana" huku macho yako kwenye simu, unaweza kuitia doa ("utaiweza kweli hiyo kazi na watoto wadogo?"), au unaweza kuiruka na kuanza habari yako. Ni ya kwanza tu iliyoendana na uhusiano wenye afya. Ya tatu huwatega watu wanaopenda kwa dhati, kwa sababu wasiwasi wao ni wa kweli. Wasiwasi huo una haki yake, ila si katika saa hiyo. Uliza kwanza maswali matatu: walikuambiaje, ulikuwa wapi, sehemu gani imekufurahisha zaidi. Maswali ya hatari yatasubiri hadi kesho.

Wanandoa hupenda kutajiwa uwiano wa mema matano kwa baya moja, uliotokana na kazi ya mtafiti wa ndoa John Gottman. Wengine wameugeuza kuwa deni la kila siku, pongezi tano kabla ya kulala. Hesabu ile ilitoka kwa wanandoa waliokuwa wakitazamwa katika mazungumzo ya mvutano, na mema yaliyohesabiwa ni pamoja na kutikisa kichwa kwa kukubali, utani, kugusana, na kuuliza kwa nia ya kuelewa. Pongezi za kutimiza idadi hazimo.

Hadharani au faraghani? Wapo wanaofurahia kuitwa mbele, na wapo ambao ukiwaita mbele watakukwepa mwezi mzima. Muulize. Kwenye kazi ya wengi, kabla hujatangaza, andika majina yote yaliyogusa kazi hiyo, halafu msomee mtu mwingine aliyekuwepo, maana wewe utamsahau mmoja na atakuwa ndiye aliyebeba sehemu ngumu isiyoonekana. Kumwacha huyo kunaumiza kuliko kama usingemtaja yeyote. Sifa za sura na mwili, hasa kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo kazini, ziache. Na ukipata nafasi, msifu mtu asipokuwepo, kwa bosi wake au kwa mzazi wake, kwa tukio lilelile na maneno yaleyale. Hufika, na hufika na uzito, kwani aliyeyasema hakuwa na cha kupata.

Katika haya yote kuna jambo moja linaloenda kinyume, nalo lisifichwe. Adam Grant na Francesca Gino, mwaka 2010, waliwatazama watu wanaopiga simu kuomba michango ya chuo kikuu. Mkurugenzi alikuja akawaambia baadhi yao maneno ya jumla tu, kwamba anashukuru kwa bidii yao na mchango wao. Wiki iliyofuata simu zao ziliongezeka kwa takriban nusu. Hakukuwa na tukio, wala maelezo. Kwa mtazamo wetu, pale ujio wake ulikuwa ndio taarifa: kazi ya kukataliwa kwenye simu kutwa nzima, na mtu wa juu amekuja mwenyewe kusema kwamba inaonekana. Akija kila Jumatatu na maneno yaleyale, matokeo hayo tusiyatarajie.

Kupokea ni nusu ya pili, na wengi tumelelewa tukiamini kwamba unyenyekevu ni kukana. "Ah, si kitu, ni bahati tu" humwambia mwenzako kwamba macho yake yamekosea, na safari nyingine hatajisumbua. "Hata wewe" ya haraka humrudishia mzigo kabla hujaufungua. "Ahsante" inatosha, ikiongezewa habari ni bora: "Ahsante, sehemu ile ya mwisho ndiyo iliyonisumbua, nimefurahi kwamba umeiona." Na kama aliyestahili ni mwingine, taja jina lake papo hapo: "Jedwali la pili si langu, alilifanya fulani, nitamfikishia." Kisha umfikishie kweli, siku hiyohiyo, kwa maneno uliyoyasikia, bila kupunguza.